Ndama Akishaliwa: msamaha na familia katika fasihi ya Kirusi

Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 hauishii pale tunapodhani unaishia. Mahubiri mengi niliyoyasikia tangu utotoni hufika kwenye vazi, pete, viatu na ndama aliyenona, kisha kwaya inasimama kuimba. Lakini Yesu bado anasimulia. Kaka mkubwa anatoka shambani, anasikia nyimbo na machezo, anamwuliza mtumishi kuna nini, anakasirika na kukataa kuingia. Baba anatoka nje kumbembeleza. Hapo hadithi inakatika. Hatuambiwi kama aliingia. Hatuambiwi kesho yake asubuhi nani alikwenda shamba, wala ndugu hao wawili walisalimianaje.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 kwa tafsiri, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wale waandishi wakubwa walianzia hapo hapo mfano ulipokatika. Biblia waliijua tangu utotoni. Fyodor Dostoevsky alijifunzia kusoma kwenye kitabu cha picha chenye hadithi 104 za Agano la Kale na Jipya, na baadaye akampa kitabu hicho hicho mmoja wa wahusika wake. Wakazichukua hadithi za baba na mwana, Yusufu na nduguze, Kaini na Habili, Ayubu na watoto wake, wakaziingiza kwenye nyumba zenye ulevi, madeni na vitoto vichanga vinavyolia usiku, kisha wakatazama kwa uaminifu nini kitatokea. Kinachotokea mara nyingi kinauma. Ndiyo maana nawaamini.

Nianze na Alexander Pushkin, kwa sababu yeye aliutundika mfano huo ukutani. Hadithi yake fupi kuhusu msimamizi wa kituo cha farasi aliiandika mwaka 1830 akiwa Boldino, ikachapishwa mwaka uliofuata. Msimamizi huyo, Samson Vyrin, ni mtumishi wa serikali wa daraja la 14, la chini kuliko yote. Msafiri akikosa farasi wa kubadilisha, matusi yote ni yake. Anaishi na bintiye Dunya, wa miaka kama 14, ambaye akitokeza tu mlangoni hasira za wasafiri zinashuka. Katika chumba chao kuna picha za mwana mpotevu, na msimulizi anazitazama moja moja. Katika ya kwanza, mzee aliyevaa kofia ya kulalia na joho la nyumbani anamuaga kijana asiyetulia, anambariki na kumpa mfuko wa fedha. Katika ya pili kijana yuko mezani na marafiki wa uongo na wanawake wasio na haya. Katika ya tatu amefilisika, amevaa matambara, anachunga nguruwe na kula nao. Katika ya mwisho mzee yule yule, kwa kofia ile ile na joho lile lile, anakimbia kumlaki. Nyuma yao mpishi anachinja ndama, na kaka mkubwa anawauliza watumishi furaha hii ni ya nini.

Kisha anapita afisa kijana wa wapanda farasi, Minsky. Anajifanya mgonjwa, Dunya anamwuguza, na siku ya kuondoka, ambayo ni Jumapili, anajitolea kumfikisha binti kanisani kwa gari lake. Dunya anasita. Baba yake ndiye anayemhimiza: unaogopa nini, bwana huyu si mbwa mwitu, hatakula, panda naye mpaka kanisani. Dunya hakurudi.

Hapa Vyrin anafanya jambo ambalo baba wa Luka hakulifanya. Anaomba likizo ya miezi miwili na kwenda Petersburg kwa miguu, akijiambia kwamba huenda atamrudisha nyumbani kondoo wake aliyepotea. Tazama alivyohama kutoka mfano mmoja kwenda mwingine ndani ya sura ile ile ya Luka: baba humngoja mwanawe, mchungaji humfuata kondoo. Anamfikia Minsky, anamwomba amrudishie Dunya wake maskini. Minsky anaona haya, anaapa kwamba binti atakuwa na raha, anamsindikiza mzee nje na kumpenyezea kitu kwenye mkunjo wa mkono wa koti. Njiani mzee anakikunjua: ni noti. Machozi ya hasira yanamtoka. Anazifinyanga, anazitupa chini, anazikanyaga kwa kisigino na kuondoka. Baada ya hatua chache anasimama, anafikiri, anarudi. Noti hazipo, kijana mmoja aliyevaa vizuri ameshazichukua na kukimbilia kwenye gari la kukodi.

Hatua zile za kurudi hazinitoki akilini. Mwandishi mdogo angemwacha mzee aende zake na heshima yake. Pushkin anajua kwamba mtu maskini aliyekanyaga fedha bado ni maskini.

Vyrin anamwona Dunya mara moja tu baada ya hapo, amevalia kitajiri, amekaa kwenye mkono wa kiti cha Minsky. Dunya anazimia, mzee anatupwa nje. Anarudi kituoni na kuanza kunywa. Anamwambia msimulizi kwamba Petersburg imejaa wasichana wajinga wa namna hiyo, leo hariri na mahameli, kesho wanafagia barabara pamoja na walevi. Na akiwaza kwamba Dunya naye huenda akaishia hivyo, anajikuta anatenda dhambi bila kutaka, anamwombea kaburi.

Anakufa kwa pombe. Siku moja linakuja gari la farasi sita, ndani yake bibi mzuri na watoto watatu, yaya na mbwa mdogo mweusi. Bibi huyo anaambiwa kwamba mzee amekufa, analia, anawaambia watoto watulie, anakwenda makaburini. Mtoto wa hapo kijijini anajitolea kumwongoza, naye anajibu kwamba njia anaijua mwenyewe. Anajilaza juu ya kaburi na kukaa hapo muda mrefu.

Wasomaji wengi hulaumu Minsky, na wana sababu. Mimi namtazama zaidi baba na picha zake. Alikuwa na picha nne za jinsi mambo yanavyokwenda, na zilimfundisha kwamba mtoto aliyepotea lazima apitie kwa nguruwe. Alikuwa tayari kumsamehe binti mwenye matambara. Binti mwenye hariri, anayependwa, mwenye watoto, hakuwa na picha yake ukutani. Aliyeishia kwenye matambara ni yeye mwenyewe. Dunya naye, ambaye njia aliijua, kwa nini hakuja mapema? Dereva aliyewachukua siku ile alisema kwamba alilia njia nzima ingawa alionekana kwenda kwa hiari yake. Pushkin hatupi zaidi ya hapo. Anatuachia watu wawili waliopendana, kila mmoja akiwa na msamaha mfukoni, na hakuna aliyeutoa kwa wakati.

Kuchelewa huku kunarudi tena na tena. Mwaka 1872 Lev Tolstoy alichapisha hadithi fupi kuhusu Aksyonov, mfanyabiashara wa Vladimir aliyefungwa Siberia miaka 26 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Muuaji wa kweli anamwangukia miguuni, wote wawili wanalia, na amri ya kumwachia huru inapofika mzee ameshafariki. Wahubiri huipenda sana. Lakini jeraha kubwa la Aksyonov halikutoka kwa muuaji. Lilitoka kwa mkewe, aliyekwenda kumwona gerezani na watoto wadogo, akamshika nywele na kumwuliza: niambie ukweli mimi mkeo, hukufanya wewe? Kuanzia hapo aliacha kutumaini watu na kumwachia Mungu peke yake. Kwa muuaji tunaoneshwa machozi. Kwa mke hatuoneshwi lolote.

Dostoevsky yeye alikuwa na kitabu mkononi. Januari 1850, akisafirishwa kwenda kifungoni, alipita Tobolsk, na huko wake wa wafungwa wa kisiasa wa uasi wa mwaka 1825 walimpa Agano Jipya la Kirusi lililochapishwa 1823, likiwa na rubli 10 zilizofichwa ndani ya jalada. Alikaa nalo miaka minne ya gereza la Omsk, akawa nalo mpaka kufa. Alipokuwa akikata roho, Januari 1881, kwa mujibu wa binti yake Lyubov, aliwaita watoto, akataka wasomewe mfano wa mwana mpotevu, akawaambia wasikate tamaa kamwe ya kusamehewa na Mungu.

Ndani ya "Uhalifu na Adhabu" ya mwaka 1866, watu hukumbuka zaidi Sonya, msichana anayeuza mwili wake ili kulisha familia, anaposoma habari za Lazaro. Kwangu mimi ukurasa wenye Injili nzito zaidi ni ule unaosimuliwa na baba yake mlevi, Marmeladov, mezani kwenye kilabu cha pombe. Watoto wana njaa. Mama wa kambo, Katerina Ivanovna, mgonjwa wa kifua, amemchoma Sonya kwa maneno: unakula, unakunywa, unaota moto wetu bure. Sonya anavaa, anatoka kwenye saa kumi na mbili jioni. Anarudi yapata saa tatu usiku, anakwenda moja kwa moja kwa mama wa kambo na kuweka rubli 30 mezani bila kusema neno. Halafu anachukua shali ya kijani ya familia, anajifunika kichwa na uso, analala kitandani akiangalia ukuta, mabega yanatetemeka. Baada ya muda Katerina Ivanovna anakwenda, naye bila kusema neno, anapiga magoti kitandani pa Sonya na kukaa hapo jioni nzima akimbusu miguu, hataki kuinuka, mpaka wanalala wote wawili wamekumbatiana.

Fedha 30, na msomaji wa Mathayo anajua hesabu hiyo inatoka wapi. Miguu inayobusiwa, na msomaji wa Luka 7 anamkumbuka mwanamke aliyesamehewa kwa kuwa alipenda sana. Ila hapa anayembusu mwingine miguu ni mkosaji, na aliyebusiwa ndiye ambaye mji mzima unamwita mwenye dhambi. Wala kesho yake Sonya haachi kwenda. Katerina Ivanovna ameomba msamaha kwa mwili wake wote, na watoto bado wana njaa.

Tolstoy alikuwa na uzito mwingine. Mwanzoni mwa "Anna Karenina", riwaya iliyoanza kutoka mwaka 1875, aliweka maneno ya Warumi 12:19: kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa. Watu wamebishana muda mrefu kama maneno hayo yanamhukumu Anna au yanatukataza sisi kumhukumu. Mimi nayasoma kwa namna ya pili, na sababu yangu ni jinsi riwaya inavyoanza: kwa mke aliyesalitiwa kuombwa asamehe.

Dolly, mama wa watoto watano walio hai na wawili waliokufa, amegundua kwamba mumewe Stiva alikuwa na uhusiano na mwalimu wa zamani wa watoto wao. Anayekuja kumsihi asamehe ni Anna, dada wa Stiva. Dolly anamwuliza: wewe ungesamehe? Anna anafikiri, anasema ndiyo, ningesamehe, na ningesamehe kana kwamba halikuwahi kutokea kabisa. Dolly anaitikia haraka: bila shaka, vinginevyo si msamaha. Anasamehe. Na Stiva? Stiva anaendelea kama kawaida, mwenye tabasamu na mapenzi kwa kila mtu, anamaliza fedha za nyumba na mali ya mkewe. Mamia ya kurasa baadaye tunamkuta Dolly kwenye gari bovu njiani kumtembelea Anna, peke yake kwa mara ya kwanza bila watoto, akiwaza mimba, nyonyo zilizochanika, na miaka kumi na mitano ya ndoa. Akifika anaona aibu kwa vazi lake lenye viraka mbele ya kijakazi. Tolstoy hasemi kwamba alikosea kusamehe. Anaonesha tu kiraka.

Nimekaa kwenye vikao vya ukoo ambako mwanamke aliyeumizwa anaambiwa "samehe, yaishe" kabla hajamaliza kueleza kilichotokea. Wazee wanataka amani, na amani ni kitu kizuri. Lakini mzigo wa amani hiyo anabebeshwa aliyekwisha kubebeshwa. Mara nyingi kaka mkubwa aliyesimama nje huitwa mwenye roho mbaya, wala hakuna anayehesabu miaka aliyolima. Nikimsoma Dolly naona kwamba Tolstoy, ambaye ndani ya ndoa yake mwenyewe hakuwa mtu mwepesi hata kidogo, aliihesabu.

Halafu kuna Karenin, mume wa Anna. Anapokea telegramu kutoka kwa mkewe: ninakufa, nakusihi uje, nikisamehewa nitakufa kwa utulivu zaidi. Njiani anawaza kwamba kifo kitamaliza kila kitu, na anapoambiwa mlangoni kwamba Anna amejifungua salama, anatambua kwa ukali jinsi alivyotamani afe. Ndani anamkuta Vronsky, mpenzi wa mkewe, amekaa kwenye kiti kifupi, amefunika uso kwa mikono, analia. Anna yuko kwenye homa kali. Anamwambia Vronsky afunue uso, amtazame mumewe, kwa maana huyu ni mtakatifu. Vronsky hawezi, basi anamwagiza Karenin amfunue. Karenin, mtu wa mafaili na vikao vya serikali, anaishika mikono ya adui yake na kuiondoa usoni, kisha anampa mkono. Baadaye anamwambia wazi kwamba amesamehe kabisa, yuko tayari kugeuza shavu la pili, na mtu akimnyang'anya joho atampa na kanzu.

Huo ungekuwa mwisho wa mahubiri. Tolstoy anaandika siku zilizofuata. Vronsky hawezi kuubeba msamaha ule, anajipiga risasi, anapona. Karenin anakwenda chumba cha watoto mara kadhaa kwa siku kumtazama kile kichanga ambacho si chake. Mtoto analia, yaya wa Kiingereza anashuku kwamba mwanamke anayemnyonyesha hana maziwa ya kutosha, na Karenin ndiye anayeagiza daktari aitwe tena. Bila yeye, anasema Tolstoy, mtoto huyo angekufa. Wakati huo huo mji unamcheka, Anna anapona na hawezi kuvumilia hata mguso wa mkono wake, na kabla ya muda mrefu anaondoka na Vronsky kwenda ng'ambo. Karenin anaingia mikononi mwa mwanamke mcha Mungu anayemwambia Seryozha, mwana wa Karenin na Anna, kwamba mama yake amekufa. Yule aliyesamehe kwa utukufu anakuwa mgumu tena, na safari hii ana dini ya kumsaidia kuwa mgumu.

Je, msamaha wa siku ile ulikuwa wa uongo? Sidhani. Anna anapokufa, akiwa ameomba kwa pumzi ya mwisho Bwana amsamehe yote, yule binti mdogo analelewa na Karenin. Kati ya yote aliyoyatoa usiku ule, kilichobaki ni mtoto mmoja aliye hai.

Sasa "Ndugu Karamazov". Siwezi kuizungumza riwaya hii bila kuanza na tarehe 16 Mei 1878, siku mtoto wa mwisho wa Dostoevsky, Alyosha, alipokufa kwa kifafa. Alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi mitatu. Kifafa kilikuwa ugonjwa wa baba yake. Mwezi uliofuata Dostoevsky alisafiri na mwanafalsafa kijana Vladimir Solovyov mpaka monasteri ya Optina, akaonana na mzee Amvrosy, na aliporudi alimletea mkewe Anna maneno ya mzee huyo. Riwaya ilianza kutoka 1879. Shujaa wake anaitwa Alyosha.

Mapema kabisa kitabuni, wanawake maskini wamekusanyika kumwona mtawa mzee Zosima. Mmoja, mke wa dereva wa gari la farasi, yuko mwezi wa tatu njiani. Amezika watoto wanne. Huyu wa mwisho amemmaliza: miaka mitatu kasoro miezi mitatu, jina lake Alexey. Anatazama kishati chake, viatu vyake, na kuomboleza. Angetaka tu, hata mara moja, asikie vile vimiguu vikipita chumbani. Zosima anaanza na faraja ya kawaida, kwamba mtoto yuko na malaika, na mama anamjibu kwamba mumewe naye alimwambia maneno hayo hayo, huku analia. Basi Zosima anaacha. Anamwambia: huyu ni Raheli wa kale, akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa. Usifarijike, haihitajiki ufarijike, lia. Kisha anamwamuru arudi kwa mumewe leo hii hii, kwa sababu mtoto akija nyumbani atawakuta wapi, ikiwa baba na mama hawako pamoja?

Mhubiri anayemruhusu mama asifarijike, kisha akamtuma nyumbani: sijui ukurasa mwingine unaoshika familia na Biblia kwa mkono mmoja hivi. Baadaye Zosima huyo huyo anauliza swali ambalo kila msomaji wa Ayubu analo moyoni: Ayubu alipewa watoto wengine, lakini angewezaje kuwapenda hao wapya wakati wale wa kwanza hawapo? Anajibu kwamba inawezekana, kwamba huzuni ya zamani polepole hugeuka furaha tulivu. Shika swali hilo.

Ivan Karamazov ndiye anayeuliza la pili. Anamsimulia mdogo wake Alyosha habari za jenerali mwenye mashamba aliyewaachia mbwa wake wa kuwindia wamrarue mtoto wa miaka minane, mbele ya mama yake, kwa kosa la kumjeruhi mbwa mguu kwa jiwe. Ivan hataki siku ya mwisho mama yule amkumbatie jenerali. Uchungu wake mwenyewe, wa mama, anaweza kuusamehe akitaka. Mateso ya mtoto wake hana haki ya kuyasamehe, hata kama mtoto mwenyewe angesamehe. Alyosha anamtaja Yeye aliyeitoa damu yake isiyo na hatia, ambaye aweza kusamehe yote. Jibu hilo nalikubali, mimi ni Mkristo. Lakini Dostoevsky hakuridhika kulisema tu, na aliye makini ataona kwamba jibu lingine linakuja taratibu, kutoka nyumba ya kimaskini.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu Smerdyakov, kwa sababu wengi humpita haraka. Ni mpishi wa nyumba, na watu wanaamini kwamba ni mwana wa nne wa mzee Karamazov, wa nje ya ndoa. Alyosha anapomwuliza Dmitri, kaka yao mkubwa, yuko wapi, anajibu kwamba angejuaje, ingekuwa vingine kama angekuwa mlinzi wake. Muda mfupi baadaye Ivan naye anauliza: mimi ni mlinzi wa ndugu yangu Dmitri? na kujishtukia kwamba hilo ni jibu la Kaini. Ndugu wawili, maneno ya Mwanzo 4, na yule wa jikoni hakuna anayemwita ndugu. Alyosha, anayekwenda kwa kila mtu, hamwendei huyu. Smerdyakov anamuua baba yao, kisha anajinyonga. Naona hapa riwaya inatuonesha mpaka wa upendo wa hata mtu mwema.

Turudi kwenye nyumba ya kimaskini. Dmitri amemburuta kwa ndevu nahodha mstaafu Snegiryov kutoka kilabuni hadi uwanjani, wakati watoto wanatoka shule. Miongoni mwao ni Ilyusha, mwana wa nahodha. Mtoto anakimbia kando yao, anaushika mkono ule ule unaomburuta baba yake, anaubusu: mwache, ni baba yangu, msamehe. Baadaye, kwenye jiwe kubwa ambako hutembea na baba yake jioni, Ilyusha anaeleza mpango wake. Akiwa mkubwa atapigana na Dmitri kwa upanga, atamwangusha, atamwinulia upanga na kusema: ningeweza kukuua sasa hivi, lakini nakusamehe, chukua hiyo.

Alyosha anamletea nahodha rubli 200 kutoka kwa mchumba wa Dmitri. Nahodha anazipokea, anaota kwa sauti dawa za mkewe na binti zake, kisha ghafla anazifinyanga, anazitupa mchangani na kuzikanyaga kwa kisigino. Ningemwambia nini mwanangu, anauliza, kama ningechukua fedha zenu kwa aibu yetu? Miaka hamsini imepita tangu Vyrin wa Pushkin, na kisigino ni kile kile. Ila hapa yuko mtu wa kuziokota. Alyosha anazikunjua, anazilainisha, na siku nyingine zinapokelewa.

Ilyusha anaugua. Akijua anakufa, anamwambia baba yake achukue mtoto mwingine, mzuri, ampe jina Ilyusha, ampende badala yake. Ndilo swali la Ayubu. Nahodha hana subira ya Zosima. Nje ya mlango ananong'ona kwa ukali kwamba hataki mtoto mzuri mwingine: nikikusahau wewe, Ee Yerusalemu, ulimi wangu na ugandamane.

Ndiye mtu huyu ambaye upande wa mashtaka unamwita mahakamani wakati Dmitri anashtakiwa kwa kumuua baba yake. Ana kila sababu ya kusema. Anafika mchafu na mlevi, na anapoulizwa kuhusu siku aliyoburutwa kwa ndevu anagoma kujibu. Waache na Mungu, anasema, Ilyusha amenikataza. Hakimu anauliza ni nani huyo aliyemkataza. Mwanangu, anajibu, aliyeniambia kwenye jiwe: baba, alivyokudhalilisha! Sasa anakufa. Anaanza kulia kwa kwikwi na kumwangukia hakimu miguuni. Watu wanacheka, anatolewa nje haraka, na mwendesha mashtaka aliyekuwa amemtegemea hapati kwake neno hata moja dhidi ya Dmitri.